Nafasi Moja ya Kwenda Kasri la Windsor

Najua mimi ni mtu wa utani. Mwalimu wangu wa hesabu anajua, mchungaji anajua, hata mbwa wa jirani yetu hapa Euless, Texas, anajua, maana nilishawahi kumvisha miwani ya jua na kofia ya Baba. Kwa hiyo nikisema kwamba haya yalitokea kweli, naona mdomo wako unavyoanza kupinda. Cheka sasa umalize. Ukishamaliza, vuta kiti ukae. Lakini kabla hujakaa, hebu kitazame vizuri hicho kiti. Utajua baadaye kwa nini.

Jina langu sitaliandika. Si aibu. Sababu nayo utaijua baadaye.

Baba yangu anapakia mizigo kwenye ndege. Kazi yenyewe inamvunja mgongo, ila ina utamu wake mmoja: wafanyakazi na familia zao hupanda ndege karibu bure, kwa kitu kinachoitwa stendibai. Ni hivi. Ndege ikikaribia kuondoka na kiti kikabaki wazi, unapewa wewe. Kisipobaki, unabeba begi lako unarudi nyumbani na aibu yako. Kwa hiyo unakaa pale mlangoni umevaa kama unakwenda harusini, maana jinzi hawataki, huli, huendi chooni, masikio yamesimama kama ya sungura, unangoja jina lako liitwe. Likiitwa uitike palepale. Ukizubaa, wanamwita anayefuata.

Baba alitufanyisha mazoezi. Usicheke. Alipanga viti vya mezani kwa mstari sebuleni, akashika mwiko wa ugali kama kipaza sauti, akabana pua: "Abiria fulani, abiria fulani, fika mlangoni, ndege inaondoka!" Na sisi turuke.

Safari yenyewe lilikuwa wazo langu. Langu! Nataka hilo lieleweke kabla hatujafika mbali. Shuleni tuliambiwa tutengeneze mfano wa jengo maarufu, mimi nikatengeneza Kasri la Windsor, lile la wafalme wa Uingereza, kwa maboksi ya nafaka za asubuhi na gundi ya Mama. Mnara wa duara juu ya kilima, kuta, malango, walinzi wa vijiti vya kiberiti. Familia nzima ilikula kasri lile, asubuhi na jioni, mpaka maboksi yakatosha. Baba alilitazama akasema, "Mwanangu, hili tutakwenda kuliona la kweli. Tunalala London kwa rafiki yangu, asubuhi kasri, jioni tunarudi. Siku moja."

Tangu hapo nikawa sina kazi nyingine. Nilisoma vitabu vyote vya maktaba vyenye picha ya mnara ule. Niliandika ratiba: treni gani, lango gani, tusimame wapi walinzi wakibadilishana zamu, mkate tulie wapi. Ningeweza kukupeleka chooni kwa malkia ukiwa umefumba macho.

Halafu akaja Tumaini.

Tumaini ni binti wa marehemu baba yangu mkubwa. Baba alimleta kutoka Singida akae nasi, na mimi na yeye tulikuwa umri mmoja. Sasa nikueleze Tumaini ni mtu wa namna gani. Tumaini ndiye yule mtoto ambaye akina mama wote wa Kitanzania, kuanzia Euless mpaka Houston, walimtumia kama fimbo ya kutuchapia sisi wengine. Akimenya kiazi, ganda ni jembamba unaweza kusomea gazeti. Alimwamkia shikamoo hadi mleta barua, mzungu wa watu, akasimama pale hajui afanye nini. Na ukimwita! Hata awe bafuni, mdomo umejaa dawa ya meno, utasikia, "Abee!" na ndala zinakuja mbio kabla hujamaliza kuvuta pumzi.

Mimi nikiitwa nilisema, "Wati?" Ni 'nini?' ya Kiingereza, ndivyo watoto wote wa hapa wanavyoitika.

"Wati ni za balbu!" Mama angefoka. "Msikilize mwenzako anavyoitika. Msikilize!"

Nilimsikiliza. Nilimsikiliza mpaka ikawa kama mbu sikioni.

Basi kiangazi kikaja, na Baba akarudi kazini na uso wa msiba. Ndege zilikuwa zimejaa mwaka ule. Alikuwa na uhakika wa kupata nafasi ya mtu mzima na mtoto mmoja, basi. Akatukalisha.

"Atakwenda Tumaini," akasema. "Wewe una baba, mwenzako hana. Wewe utakwenda mwaka mwingine."

Niambie, mtu anajibu nini hapo? Ukibisha unaonekana shetani mwenye mkia. Sikubisha. Nilivimba tu, kimyakimya, kama unga wa maandazi. Halafu Baba akatia chumvi kwenye kidonda: "Na ile ratiba yako, mwandikie vizuri, apate kuisoma."

Watu husema wivu hukaa moyoni. Uongo. Wangu ulikaa kooni, kama mwiba wa sato. Nikimeza chakula, upo. Nikimsikia Tumaini akicheka na Mama jikoni, unachoma. Usiku alinong'ona kutoka kitanda cha pili, "Dada, si tungeenda wote?" na mimi nikajifanya nakoroma. Huyo naye alikuwa hana hata adabu ya kuwa mbaya, nimchukie kwa raha.

Ndege za Dallas, uwanja wetu wa karibu, zilizidi kujaa, Baba akaamua tukajaribu Houston. Ndivyo walivyo watu wa stendibai: wataendesha gari kwa muda wa saa nne kufuata kiti kitupu. Mama alibaki na zamu zake za hospitalini. Sisi tukashuka mpaka Missouri City, ubavuni mwa Houston, kwa Shangazi, dada yake Baba, ambako ningeachwa mpaka wao warudi. Tumaini alikaa kiti cha mbele njia nzima. Mimi nilikaa nyuma na maandazi.

Shangazi hutunza wazee majumbani mwao. Nyumba yake ni safi, inanukia iliki, na sebuleni alikuwa na kochi moja la kijani la mtu mmoja, kubwa, lenye doa la chai kwenye mkono wa kulia. Alirithishwa na familia ya bibi mmoja mzungu aliyemtunza mpaka akafa. Nililijua kochi lile tangu zamani. Nilikuwa nimelala juu yake mara nyingi nikitazama televisheni, miguu juu. Sikuwahi kulifikiria.

Jumamosi mchana, siku moja kabla ya ndege, Baba na Shangazi walikwenda Gulfton, mtaa wa wahamiaji pale Houston, kuchukua mizigo. Unatujua. Mtu wetu akisafiri hasafiri na begi lake tu, anasafiri na mabegi ya mtaa mzima. Mama mmoja Mkongomani huko alikuwa na vitenge vya dada yake wa London. Mwingine alikuwa na dawa, mwingine samaki wakavu. Tukabaki mimi na Tumaini. Mvua ya Houston ikaanza, ile ambayo haianzi kwa matone, inaanza kwa ndoo. Nyumba ikawa na giza mchana mchana.

Tumaini alikuwa jikoni anaosha vyombo. Bila kuambiwa! Mimi nilikuwa sakafuni sebuleni nanakili ratiba kwa mwandiko mzuri, kila neno likinichoma.

"Hapo umekosea, mpenzi," sauti ikasema.

Nikainua kichwa. Kwenye kochi alikuwa amekaa bibi mzungu, mwembamba, ana sweta ya bluu yenye vifungo vya lulu, kimoja hakipo. Vifundo vya miguu vimepishana, mkoba mdogo mapajani, kofia kichwani. Amevaa kisafari. Nikadhani ni mzee mmojawapo wa Shangazi, labda ana ufunguo. Niamini, hilo ndilo nililodhani. Kwamba mvua inamwagika na viatu vyake ni vikavu, hilo nililiona, lakini nililiona kama unavyoona nzi. Unaona, unaendelea.

Aliongea Kiingereza cha kwao, kile ambacho herufi R imekwenda likizo. Mimi nakupa kwa Kiswahili.

"Shukeni kituo cha Slough," akasema, "mpande katreni kale kafupi. Kaeni upande wa kushoto. Na mkifika msikimbilie kuingia. Zungukeni kwanza mpaka kwenye ile njia ndefu yenye miti. Kasri hutazamwa kwa mbali kwanza, kama mchumba."

"Bibi umewahi kufika?"

"Nimezaliwa chini ya ukuta wake." Akaupapasa mkoba. "Nani anakwenda?"

Nikaelekeza kichwa jikoni. "Huyo anayeosha vyombo. Mtakatifu Tumaini."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye niliyeandika ratiba."

Akanitazama. Sijui nikueleze vipi macho yale. Kwa majuma yote yale watu walinitazama wakaona mtoto mwenye roho mbaya. Yeye alinitazama kama mtu aliyejitazama kwenye kioo.

"Mume wangu alikuwa askari wa huku," akasema. "Alinileta Texas na sanduku moja. Kila mwaka nilisema nataka kwenda kwetu kuona, na kila mwaka alisema mwaka mwingine. Majirani walikwenda. Watoto wangu walikwenda, wakaniletea picha. Mimi nilikuwa nafunga mabegi."

Mwaka mwingine! Maneno yale yale! Nakuambia ukweli, kidogo nimkumbatie. Tangu Tumaini ashuke kwenye ndege, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyekuwa upande wangu. Nikamuuliza kama anataka chai.

"Asante, hapana. Nangoja kuitwa," akasema. "Nafasi iko moja?"

"Moja."

"Basi tunaigombania watatu."

Nikacheka. Nilidhani anatania. Mimi nawapenda wazee wenye utani.

Ndipo akaniita jina langu. Lote, hadi lile la ubatizo, ambalo Mama hulitoa kabatini akiwa amekasirika sana. Sikuwa nimemwambia.

"Wati?" nikasema.

Uso wake ukaanguka, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. "Hapana. Sivyo. Shangazi yako alinifundisha mnavyoitika." Akaniita tena, polepole, kwa upole, kama anayemwita paka.

"Wati? Si niko hapa hapa?"

Akanikazia macho kama Mama. "Hukulelewa," akasema.

Fikiria! Nimetukanwa mengi, lakini hilo sikulitegemea kutoka kwa mgeni. Akageuza shingo kuelekea jikoni. Na sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilikuwa ya Shangazi, na mkwaruzo wake na haraka yake. Shangazi aliyekuwa Gulfton.

"Tumaini!"

"Abee!"

Ungetegemea nini? Hivyo ndivyo alivyolelewa, na hivyo ndivyo Baba alivyomfanyisha mazoezi kwa mwiko: ukiitwa, itika kabla hujauliza. Ndala zikaja mbio. Akatokea mlangoni, mikono imejaa povu la sabuni, anatabasamu.

"Shangazi ame..."

Hakumaliza. Nilikuwa nimegeuka kumtazama yeye. Nilipolirudia kochi, lilikuwa tupu.

Tumaini akasimama kama mtu aliyesahau kilichomleta. Akatazama mikono yake. Akaifuta kwenye gauni. Tumaini! Kwenye gauni! Halafu akanipita, akakaa kwenye kochi, akapishanisha vifundo vya miguu, akaweka mikono mapajani kana kwamba ameshika mkoba, akatazama mvua dirishani.

"Hali ya hewa ya kwetu hii," akasema, kwa Kiingereza, na R imekwenda likizo.

Ujue kwamba Kiingereza cha Tumaini siku zile kilikuwa ni cha kumsalimia mwalimu na kuomba ruhusa ya kutoka nje.

Shangazi na Baba waliporudi na mizigo yao nilikuwa nimesimama nje uani kwenye mvua. Nikaeleza yote. Shangazi akaniuliza swali moja tu.

"Sweta ya rangi gani?"

"Bluu. Vifungo vya lulu. Kimoja hakipo."

"Nilimvalisha mwenyewe," Shangazi akauambia ukuta. "Nilikitafuta kile kifungo nikakikosa, watu wa mazishi wakawa wanangoja. Bibi Doti wangu, mwenye kochi hili." Halafu akaanza kuimba pambio kwa nguvu. Shangazi akiogopa huimba, na siku ile aliimba mpaka vikombe vikatetema.

Baba hakuimba. "Wivu wako umefika huku?" akaniambia. "Unafufua wafu ili mtoto yatima asisafiri?"

"Baba, muulize anywe chai!"

Tumaini alikuwa anakunywa. Maziwa kwanza, chai baadaye, bila hata punje ya sukari. Mtoto wa vijiko vinne!

"Ana wasiwasi wa safari," Baba akasema. "Mwache."

Umeona mtego ulivyonibana? Ningekuwa mtoto mwema, wangenisikiliza. Lakini kila mtu alijua nilivyokuwa nimevimba, kwa hiyo kila neno langu lilinuka wivu. Na ukweli wenyewe ulikuwa unanuka wivu, mimi nami sikatai.

Kesho yake, kwa kibali Baba alichotuombea kazini, tuliwasindikiza mpaka mlango wa ndege. Viti, watu, masikio. Nikamvuta Baba mkono. "Mwite. Mwite jina lake tu, uone."

"Tumaini!" Baba akaita, kunikomesha.

Hakugeuka. Alikuwa anatazama ndege kupitia kioo, na mashavu yamelowa.

"Amechoka," Baba akasema, lakini alilisema polepole.

Mhudumu akashika kipaza sauti, akataja jina letu la ukoo, hakulifikisha hata nusu, yule alikuwa ameshasimama kwenye mstari. Wakaingia. Mlango ukafungwa. Na nikwambie? Pamoja na yote niliyoyaona, nilipoona ndege inarudi nyuma bado niliona wivu. Nilibandika pua kwenye kioo nikawaza: anakwenda kuuona mnara wangu.

Safari ya siku moja ikawa ya siku kadhaa, maana viti vya kurudi navyo vilijaa, na Shangazi alikuwa kazini mchana. Mimi nilikuwa nakaa chumbani, sebuleni sikanyagi. Lakini kiu ni kiu, na maji yako jikoni, na njia ya jikoni inapita sebuleni.

"Dada. Bado hawajaita?"

Tumaini alikuwa kwenye kochi. Tumaini wa Singida, na gauni la nyumbani, na ndala, na mikono ameinyanyua mbele yake isichafue kochi, maana ilikuwa bado ina povu. Povu lile lile! Linadondoka, na chini zulia ni kavu.

"Niliitika," akasema. "Nikaambiwa kaa hapa, ngoja zamu yako. Mbona hawaniiti? Baba mdogo yuko wapi?" Akatazama mlango. "Mmeshakwenda kasri? Mmeniacha?"

Nilitaka kukimbia. Miguu ilishaanza safari. Lakini swali lile lilinikamata shati. Mmeniacha. Ndilo lilikuwa swali langu, neno kwa neno, kila usiku tangu Baba atukalishe. Kumbe majuma yote yale, na pale uwanja wa ndege nimebandika pua kwenye kioo, nilikuwa namwonea wivu mtu ambaye hakwenda popote. Alikuwa amekaa hapa na mikono ya sabuni, anasubiri, kwa adabu.

"Hatujakwenda," nikasema. Sauti ilitoka kama ya panya. "Ndiyo tunakwenda sasa hivi."

Nikaleta nakala yangu ya ratiba. Nikakaa sakafuni, mbali na kochi, sikuwa mjinga kiasi hicho. Nikaanza. Tukapanda treni, tukashuka Slough, tukapanda kale kafupi, upande wa kushoto. Nikamwonyesha mnara. Tukatembea ile njia ndefu yenye miti ili tulione kasri kwa mbali kwanza. Na pale nilipokuwa sijui, nilitunga. Nilimwambia zile kofia ndefu za manyoya za walinzi zina mfuko ndani wa kuwekea ndizi. Nilimwambia mbwa wa malkia wana ngazi yao, fupi, na mbwa akipita ngazi ya binadamu anaandikiwa barua ya onyo.

"Dada, muongo wewe!" Alicheka mpaka povu likaruka.

Kila mchana Shangazi akitoka, tulikwenda. Siku moja malango, siku moja kanisa lao, siku moja tulikula mkate kando ya mto tukawatupia bata. Hakuwahi kuchoka. Na mimi, niamini, ule mwiba kooni siujui ulitoka saa ngapi.

Kisha wakarudi. Baba aliingia na mabegi, amekonda, macho hayatulii. "Huyu mtoto," akamwambia Shangazi chini chini, "hakushika ramani hata mara moja. Alijua choo kilipo. Alimgombeza mlinzi kwamba mawaridi yamehamishwa. Na hakuna hata mtu mmoja aliyemtambua pale, ndipo akaanza kulia. Nani angemtambua? Amelia mpaka Houston."

Yule mwenye uso wa Tumaini alitupita sote, na koti jipya la London, akaenda moja kwa moja kwenye kochi. Akashusha pumzi ndefu.

"Foleni," akasema, kwa kile Kiingereza chake. "Umri wangu wote nimesubiri, na nilipofika, foleni. Hata upande wa pili wa mto sikufika." Akafumba macho.

Nilikwenda jikoni nikachukua mwiko. Usiniulize nilipata wapi akili hiyo. Wengine wana maombi, mimi nina utani. Nikasimama katikati ya sebule, nikabana pua kama Baba.

"Abiria Tumaini! Abiria Tumaini kutoka Singida! Fika mlangoni, ndege inaondoka!"

"Wewe!" Baba akafoka. "Utani wako na leo..."

"Nafasi ni yako, Tumaini! Usipoitika nampa mwingine!"

Friji ilikoroma. Shangazi alishafungua mdomo aanze kuimba.

"Abee!"

Akaruka kutoka kwenye kochi kama aliyechomwa sindano, akasimama mbele yangu na koti la London, mikono ameinyanyua. Kutoka kwenye vidole vyake povu la sabuni likadondoka kwenye zulia. Safari hii zulia lililowa. Baba aliliona. Shangazi aliliona. Akatutazama sote, mmoja mmoja, anatabasamu.

"Shangazi ameshafika?" akauliza.

Baba alikaa chini palepale. Sakafuni, namshukuru Mungu.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Tumaini hakumbuki ndege, hakumbuki London. Picha zipo: yeye kwenye njia ya miti, yeye chini ya mnara, na macho ambayo ukiyatazama sana unataka kuyaamkia shikamoo. Hataki kuziona. Lakini kasri analikumbuka. Kanisani wakimuuliza, anasimama na kueleza kwa uso mkavu habari za ndizi ndani ya kofia na ngazi ya mbwa, na Baba, aliyekuwepo, anatazama viatu vyake. Watatu tuliigombania nafasi ile. Aliyekwenda ni mmoja, naye alikuwa marehemu. Siku nyingine bado namwonea wivu bibi yule, nisikudanganye. Huo ndio ugonjwa wangu.

Kochi Shangazi na Baba walilitoa usiku uleule mpaka kando ya barabara, lichukuliwe na gari la taka. Gari la taka lilipokuja halikulikuta. Jirani alisema watu wawili walisimamisha gari wakalipakia, wanacheka kwa kupata cha bure, wakaelekea Gulfton.

Kwa hiyo nisikilize. Kama kwenu kuna kochi la kijani la mtu mmoja, lenye doa la chai mkono wa kulia, usipange safari mbele yake. Usitaje treni, usitaje mto. Bado kuna ng'ambo ya mto bibi yule hajafika. Na ukisikia jina lako, hata kwa sauti ya mama yako mzazi, usiitike mpaka uuone mdomo unaokuita. Wazee watasema hukulelewa. Waache waseme.

Maana juzi hapa Euless, ambako kochi lile halijawahi kufika, mimi na Tumaini tulikuwa jikoni tunakaanga maandazi, na Mama akatuita kutoka chumbani, majina yote mawili. Tukatazamana. Mama alikuwa kazini. Nikaona mdomo wa Tumaini unafunguka, kwa mazoea tu, pumzi ya "abee" imeshavutwa. Nikausokomezea andazi la moto, zima.

Alilitafuna, machozi yanamtoka. Akalimeza. Halafu akageuka kuelekea chumbani, mtoto wa Singida, fimbo ya akina mama wote, akajaza kifua hewa.

"Wati?" akasema.

Hakuna aliyejibu.